Hodi Katika Nyumba ya Miaka Elfu Tano

Wiki iliyopita nilisahau kofia ya sufu ya mwanangu ndani ya mashine, kule chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Falls Church, Virginia, Marekani. Nilipofungua mlango wa mashine asubuhi yake, harufu ikanipiga usoni: sufu iliyolala na maji, harufu ya kondoo hasa, ile ambayo hakuna sabuni ya kuiondoa. Jirani aliyekuja na kapu lake alikunja pua akasogea mbali. Mimi nilibaki nimeikumbatia ile kofia, nacheka peke yangu, maana nilimwona Bibi yangu waziwazi, amevaa sweta tatu juu ya dera, na buibui juu ya sweta, amesimama kwenye upepo wa mwisho wa dunia akigombana na nyumba isiyo na paa.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, nikianzia katikati mtasema natia chumvi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Springfield, kwenye ghorofa ambayo dirisha lake la sebuleni lilitazama zile barabara kuu zinavyopandana na kupindana, magari hayalali. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi, mamake Baba. Bibi alikuja kwetu kutoka Siyu, kisiwani Pate, baada ya Babu kufariki. Baba ni mtoto wao wa pekee, na kifo cha Babu kilimuuma vibaya, maana Babu aliugua asubuhi, akafa adhuhuri, akazikwa kabla ya magharibi, na Baba wakati huo alikuwa kwenye foleni ya magari hapa Beltway, barabara kuu inayozunguka Washington, hana hili wala lile. Aliporudi nyumbani ndipo simu ikamfikia. Aliapa, wallahi, kwamba kwa mamake hilo halitamtokea. Akaenda Siyu, akafunga ile nyumba yao ya mawe, ufunguo akamwachia jirani, akamleta Bibi Virginia. Msikitini watu walimpa mkono, wakimwambia hongera, umemtendea mama yako wema.

Bibi hakuwa mtu wa kulalamika. Alinipikia mkate wa sinia, alinisuka, alinifunza kusema Kisiu chake, Kiswahili cha kwao ambacho 'j' yetu mara nyingi ni 'y', ingawa mimi, kama watoto wote wa huku, nilimjibu kwa Kiingereza na yeye akanijibu kwa Kisiu na tukaelewana vizuri tu. Lakini kila siku baada ya kusali alasiri alivuta kiti dirishani akakaa akitazama magari. Baba akirudi kazini alimuuliza swali lile lile, kwa upole uleule: "Mwanangu, tarudi lini kwetu?" Baba alisema, baridi ikiisha. Baridi ikaisha, ikawa mpaka daktari aliangalie goti. Daktari akaliangalia, ikawa mpaka mimi nifunge shule. Kila mara Bibi alijibu, "Haya," akaenda zake jikoni.

Mimi ile "haya" niliisikia kama ya mtu aliyekubali. Mama hakuisikia hivyo. Mama ni muuguzi, jicho lake halidanganyiki, na siku moja nilimsikia akimwambia Baba kwamba madera ya Bibi yote yamekuwa mapana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya nyumba yetu: Bibi alitaka kurudi kwao, na Baba hakuwa na moyo wa kumwacha aende.

Sasa Baba, niwaambie, ni mtu wa magofu. Siku hizi amestaafu, lakini wakati ule alifanya kazi ya kompyuta, ofisi yake ilikuwa hapa hapa Falls Church, na akili yake nusu ilikuwa kwenye mawe ya kale. Utoto wake aliucheza kwenye magofu ya Shanga, mwendo wa mguu kutoka kwao, akiokota vigae vya sahani za Kichina na kupigwa na mamake kwa kurudi na tope. Mpaka leo ukimpitisha penye ukuta mzee, hata wa stoo ya tumbaku, atasimama aupapase. Basi ofisi ilipomtuma Uskochi wiki moja, akaomba na likizo juu yake, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba kaskazini kabisa ya nchi ile kuna visiwa vinaitwa Orkney, na huko kuna nyumba za mawe ambazo watu walizijenga miaka elfu tano na ushei iliyopita. Nyumba, si mahame tu ya kuonyeshwa kwa kidole. Kuta zake, vitanda vyake, na rafu zake.

Shule ilikuwa imefungwa, Mama alikuwa na zamu za usiku hospitali, hakuna wa kukaa na sisi. Baba akasema tutakwenda sote watatu. Alipomwambia Bibi, "Mama, tunakwenda kisiwani," uso wa Bibi uling'aa mpaka nikashangaa. Akauliza, "Kisiwa kipi?" Baba akamwambia. Bibi akasema, "Haya," na akafungua sanduku akatoa zile nguo nyepesi alizokwisha kuzipanga kwa ajili ya Siyu.

Jamani, kule kuna upepo! Tulishuka kwenye kindege kidogo, rubani mwenyewe ndiye aliyetushushia mizigo, na hatua ya kwanza tu upepo ulitaka kuondoka na buibui la Bibi na Bibi mwenyewe ndani. Kisiwa hakikuwa na mti hata wa dawa. Majani, mawe, kondoo, na bahari ya rangi ya bati. Baba alikimbia dukani, duka lenyewe moja, akarudi na sweta za sufu nzito, na Bibi akazivaa zote tatu kwa mpigo. Manyunyu yalipozilowesha alinuka kama zizi, na alisema hivyo mwenyewe, akicheka. Na jua! Jua la kule wakati wa kiangazi halitaki kuzama. Bibi alikaa na tasbihi yake akiisubiri magharibi mpaka akachoka. "Jua hili halina adabu," akasema. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikamcheka Baba, maana nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu Babu afariki.

Jambo moja lilimpendeza Bibi mara moja. Watu wa kule wanasalimia. Ukipita njiani, mtu wa kwenye trekta ananyanyua mkono, mtu wa kwenye gari anapunguza mwendo anyanyue mkono, hata mtoto juu ya baiskeli. Springfield tulikaa mlango kwa mlango na watu ambao hatukuwajua majina. Bibi akawa anatembea na mkono wake uko tayari. "Hawa ni watu," aliniambia.

Asubuhi ya pili tukaenda kwenye zile nyumba. Zilikuwa kwenye shamba la mama mmoja mzee aliyeitwa Elspeth, ambaye Bibi alimpa jina la Bi Elsi papo hapo, na yeye akaitika kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa na buti za mpira, koti la mvua, na mbwa asiyebweka. Alitupitisha katikati ya ng'ombe, tukashuka kuelekea baharini, na pale, pembeni kabisa mwa nchi, ardhi ikafunguka na nyumba mbili zikawa zimekaa ndani yake, zimeshikana ubavu, kuta zimesimama kupita kichwa changu, zimepangwa jiwe bapa juu ya jiwe bapa, bila chokaa, bila chochote. Baba alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya kitu. Akaanza kunieleza kwa pupa, kwamba hizi zilikuwa zimeshajengwa wakati Misri haijaota piramidi, kwamba waliokaa humu walikuwa na ng'ombe na shayiri na samaki, na sauti ilikuwa inamkatika kwa furaha. Mimi niliangalia ule mlango mdogo wa mawe, mtu lazima ainame kupita, na moyo wangu ulikwisha kuingia ndani kabla ya miguu.

Bibi alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Akasimama. Akarekebisha buibui lake. Kisha akaita, kwa ile sauti yake nyembamba ya kuita, "Hodi!"

Nikadhani ni mzaha. Bibi alisubiri, ametega sikio, mkono juu ya jiwe la mlango. Upepo ukavuma. Akaita tena, "Hodini wenyewe!" Akasubiri. Akaita mara ya tatu, polepole. Kisha akageuka, akakunja mikono ndani ya sweta zake, akaanza kurudi tulikotoka.

"Mama, wapi?" Baba akamuuliza.

"Hawayajibu. Twende zetu."

"Mama! Hamna mtu humo!"

"Ndiyo nimesikia kwamba hamna. Na mimi siyaambiwa karibu."

Baba alicheka, halafu akaona kwamba Bibi hacheki. Akamweleza kwamba ni gofu, halina mwenyewe, wenyewe wamekufa miaka elfu tano. Bibi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingia msikitini na viatu. "Kwani hiyo elfu tano ndiyo ruhusa ya kuingia nyumba za watu?" Hodi ni mara tatu, akasema, usipojibiwa unarudi, na hivyo ndivyo alivyomlea Baba, na kama Marekani imemsahaulisha basi yeye Bibi haijamsahaulisha. Akaketi juu ya jiwe nje, ameupa mlango mgongo, kuonyesha kwamba hata kuchungulia hachungulii.

Loo, nilivyokasirika! Tumepanda ndege tatu, tumefika kwenye ukingo wa dunia, nyumba hiyo hapo, na Bibi ametukalia mlangoni. Na hatukuweza kuingia tukamwacha. Baba angepitaje mbele ya mamake baada ya maneno yale?

Bi Elsi alikuwa amesimama pembeni na mbwa wake, hajui kinachoendelea. Akauliza kwa upole kama mama anajisikia vibaya. Baba, uso umemwiva kwa haya, akamweleza kwa Kiingereza, akijaribu kuifanya hadithi ya kuchekesha, kwamba kwetu mtu hupiga hodi, na kama hakuna anayejibu haingii. Nilimtazama yule mama nikijua atacheka na sote tutaaibika. Hakucheka. Alifuta pua yake kwa kiganja cha mkono, akafikiri, akauliza, "Na anayejibu husema nini?"

Baba akamwambia. Bi Elsi akalirudia lile neno mdomoni mara kadhaa, kama anayeonja mchuzi. Kisha akazunguka na buti zake kwenye majani, akainama, akaingia kwenye ile nyumba ya pili, na tukamsikia akipita ndani kwa ndani, maana kati ya nyumba mbili mna kijia kwenye ukuta. Kukawa kimya. Halafu kutoka tumboni mwa nyumba ya kwanza ikatoka sauti, "Kaaribuu!"

Bibi akageuka. Akanyanyuka juu ya goti lake baya, akaenda mlangoni, akaanza upya, "Hodi!" na ndani ikajibiwa, "Kaaribuu!" Bibi akatanguliza mguu wa kulia, akainamisha kichwa, akatoa salamu, akaingia. Sisi tukamfuata kama vifaranga.

Nimeona mambo mengi ya kupendeza tangu siku ile. Nimezungushwa majumba ya makumbusho yote kule mjini Washington mpaka miguu ikavimba. Hakuna kilichonishika kama kile chumba. Upepo ulikatika mara moja, kukawa na utulivu, mtu unasikia pumzi yake mwenyewe. Mawe makubwa yaliyosimama yaligawa chumba kama mapazia. Kulikuwa na meko chini, mahali pake palepale. Kulikuwa na benchi la mawe ukutani, nikalalia, likanitosha. Na ukutani kulikuwa na matundu ya mraba, rafu nadhifu, na Bibi alipoyaona akapiga kofi. "Tazama! Zidaka!" Kwao Siyu kila nyumba ya mawe ina vidaka vyake ukutani, vya kuwekea sahani na misahafu. Akavipapasa kimoja kimoja. Kile kijia cha ndani akakiingizia kichwa, akatoka akisema hiki ni cha wanawake, wapite kwa jirani bila kuzunguka nje kwenye baridi, wenye akili hawa. Baba alimtafsiria Bi Elsi kila kitu, na Bi Elsi akawa anaitikia kwa kichwa na macho yanamng'aa, akaonyesha na vyake, maganda ya chaza waliyokula, mahali palipopatikana sindano ya mfupa.

Kisha akatuonyesha jiwe la kusagia. Lilikuwa limelala sakafuni, kubwa, na katikati limechimbika kwa kusaga, laini kama bakuli. Bibi alichuchumaa, akasahau goti. Akaweka kiganja mle ndani, akakisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. 

Akauliza, bila kuinua kichwa, "Walihama kwa nini?"

Baba akamuuliza Bi Elsi, akarudisha jibu: hakuna ajuaye. Waliondoka tu. Mchanga ukaingia, ukajaza, ukafunika hata paa, mpaka bahari ilipokuja kuukomba.

"Mchanga," Bibi akasema. Akamtazama Baba. "Na kwangu, mwanangu? Mtu akiya akapiga hodi, ni nani amjibuye?"

Baba alianza kusema kwamba ufunguo uko kwa jirani, kwamba jirani anafagia.

"Ufunguo hujibu hodi?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Nilimwona Baba akitazama zile rafu, yale meko, ule mlango, ile sehemu ya juu ambapo paa lilikuwa. Alikuja akachuchumaa karibu na mamake, akaweka na yeye mkono mle ndani ya jiwe, juu ya mkono wake, na alipozungumza alizungumza Kisiu kitupu, ambacho huku Marekani nilikuwa sijamsikia akikizungumza hata na mamake. Akamwambia atampeleka.

"Lini?" Bibi akauliza.

"Kabla shule haziyafunguliwa."

Bibi hakusema "haya." Alimshika kichwa Baba, mtu mzima na upara wake, akakibusu. Halafu akasimama akatafuta kwenye mkoba wake, akatoa pakiti ya tende, akampa Bi Elsi kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kutukaribisha kwake. Tulipotoka nje macho ya Baba yalikuwa mekundu. Nikamuuliza. Akasema ni upepo, na mimi, kwa upepo niliouona kule, nikamwamini.

Alitimiza. Alimpeleka Siyu mwenyewe, akafungua mlango mwenyewe, akakaa naye siku chache, akarudi peke yake. Kile kiti cha dirishani kikarudishwa mezani. Mama alininunulia kitanda kipya kwenye chumba ambacho sasa kilikuwa changu peke yangu, na nikafurahi, mtoto ni mtoto.

Bibi aliishi miaka mingine mingi kwake, akanenepa, tuliona kwenye picha. Na alipokufa, nikiwa chuo, ikawa vilevile kama Babu: asubuhi mzima, jioni yuko kaburini, na Baba yuko Virginia. Lile aliloapa halitamtokea likamtokea. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jengo letu la Springfield, analia waziwazi, majirani wanapita. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Nilikwisha kukubali siku nyingi." Niliondoka na jibu lile bila kulielewa. Nimelielewa baada ya kuwa na mwanangu mwenyewe. Kwenye ile nyumba ya mawe, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mamake, alijua kabisa anakubali nini. Sisi wengine tulidhani anakubali safari.

Na kuna jingine. Miaka yote ile, kila Jumamosi, Baba alinipeleka madrasa hapa Falls Church. Tulifika mapema, akapaki, akazima gari, akampigia Bibi simu kabla sijashuka. Asubuhi yetu ni alasiri yao. Nilimsalimia, nikamrudishia Baba simu, wakazungumza kidogo, na kila Jumamosi lazima aje mtu mlangoni kwa Bibi, maana ndio wakati wao wa kutembeleana. Bibi alikuwa haijui vizuri ile simu. Aliiweka tu kwenye mkeka, ikiwa hai, akaenda kwa mgeni wake. Na Baba hakukata. Alibaki ameiweka sikioni, hasemi kitu, anatazama mbele kwenye kioo cha gari ambako hakuna cha kutazama. Mimi nilichoka. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba Bibi ameshaondoka, akate, nachelewa darasani. Alininyanyulia kidole nisubiri. Nilidhani anamngoja arudi kwenye simu. Wiki ina siku saba, na Baba angeweza kumpigia saa yoyote. Alichagua ile ya wageni, amsikie mamake akimwambia mtu karibu.